Nusu ya Uso Ukutani

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, asanteni kwa kupanda mpaka huku Akheri. Nimeona waliokuja kwa fimbo, nimeona na walioshikiliwa kiunoni na wake zao tangu barabarani. Mwenyekiti ameniomba nisimame niseme yaliyonipata. Nitasimama, nikichoka nitakaa, na najua mtanivumilia, maana humu ukumbini kila mmoja ama amepigwa na kiharusi ama anamuuguza aliyepigwa. Majina ya watu sitayataja. Wenyewe wanajijua.

Mimi ni mchoraji wa kutani. Nimeanza na vibao vya saluni na mabanda ya chipsi kule Kwa Mrombo. Kama umewahi kula chipsi huku kuku anakutabasamia ukutani, huenda kuku huyo ni wangu. Basi tukaitwa, mimi na dada mmoja mchoraji mwenzangu, tukapendezeshe majengo ya bustani moja ya watu wote mjini. Majengo yenyewe mnayajua yalivyo: choo, kibanda cha mlinzi na stoo ya majembe. Kahawia chini, nyeupe iliyochakaa juu, mtu anapita bila kugeuza shingo.

Tulianza na choo. Tukakijaza maua ya kahawa na ndege wa mlimani, mlango wa akina mama tukauzungushia majani ya mgomba. Nawaambia kweli, watu walikuja kupiga picha na choo! Bwana harusi mmoja na mkewe walisimama pale na shela yake nyeupe, mpiga picha anawapanga, na ndani kuna watu wanajisaidia. Tulicheka na mwenzangu mpaka tukakaa chini. Kisha tukamaliza kibanda cha mlinzi. Ukabaki ukuta mkubwa wa stoo, ule unaotazama lango. Huo niliuomba uwe wangu. Nilitaka kumchora mama wa kwetu huku mlimani, anakutazama usoni, mkungu wa ndizi kichwani, ndama ubavuni kwake, na Meru nyuma yake.

Ukuta nikaupaka nyeupe. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachanganya rangi, nimeshika kopo kwa mkono wa kushoto. Nikasikia kishindo. Nikatazama chini, naona rangi ya kijani imemwagika juu ya viatu vyangu. Nikamuuliza mwenzangu, "Nani kamwaga rangi?"

Akanitazama, uso ukambadilika. "Fundi, mdomo wako!"

"Mdomo wangu una nini?"

Akanidaka kabla sijafika chini, akapiga kelele. Mlinzi akaja mbio, na mtu aliyekuja kupumzika na familia yake akanipakia kwenye gari lake. Presha ndugu zangu. Mimi sikuwahi hata kupimwa. Nilikuwa mtu wa kupanda ngazi kutwa nzima, nikijiona chuma.

Hospitali walipigana na mimi, Mungu awabariki. Mguu wa kushoto ukawa mzito, mkono wa kushoto ukalala. Lakini maneno yalibaki, na mkono wangu wa kazi ukabaki mzima. Kila aliyenitembelea alisema, "Huyu amepona, tazama anavyoongea." Na mimi niliamini hivyo.

Jambo moja tu liliniuma kitandani. Mama yangu mzazi hakuja kuniona. Nina mama mmoja, yuko hukuhuku Akheri, na mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Siku zikapita. Mke wangu yuko hapa ananilisha uji, majirani wanakuja, mchungaji amekuja, mama hakuna. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mke wangu kwa sauti kabisa, wodi nzima ikasikia, "Mama kanisahau. Nife tu, hana habari."

Mke wangu akaacha kijiko kwenye bakuli. "Baba Neema, unasema nini?"

"Nasema kweli. Angekuwa na mapenzi angekuja."

Akashika kijiko tena, akaendelea kunilisha. Nilidhani ameona nina haki.

Nikarudi nyumbani, na vituko vikaanza. Naletewa ndizi na nyama, nakula, nalalamika, "Mbona leo mnanipunja?" Mke wangu anageuza sahani, na nyama inatokea! Nilidhani ananichezea. Nikinyoa ndevu, binti yangu anasema, "Baba, umenyoa shavu moja." Nabishana naye. Napita mlangoni, bega la kushoto linagonga fremu kila mara, nami nasema fundi kajenga mlango mwembamba. Jirani yangu mmoja alikuja kunijulia hali, akakaa kwenye kochi, akaongea na mimi, nikakaa kimya kama jiwe. Akaondoka amenuna. Walinipeleka kwa daktari wa macho, akasema macho ni mazima kabisa. Tukafurahi tukarudi nyumbani.

Basi nikasema narudi kazini. Mke wangu alikataa, nikang'ang'ania. Mwenzangu akanipangia kiti mbele ya ukuta wangu, makopo yote mkono wa kulia. Mwenyewe alikuwa na kazi ndani ya choo siku hiyo, kupaka upya sehemu iliyoliwa na unyevu. Akaniacha.

Ndugu zangu, sijawahi kuchora kwa furaha kama siku ile. Mkono ulikuwa mwepesi. Jicho la yule mama lilikaa sawa mara ya kwanza. Nikamchora na mkungu wake, na ndama, na mlima. Jua lilipoanza kushuka nikarudi nyuma kidogo na fimbo yangu, nikatazama, machozi yakanitoka. Nikaita watu. "Njooni mwone!"

Wakaja. Mlinzi, mwenzangu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nikasubiri wasifie. Yule mama mwenye mtoto akaweka mkono mdomoni. "Jamani! Huyu mama kafanywaje?"

"Kafanywaje vipi?" nikauliza.

Mlinzi akasema taratibu, "Fundi, upande ule utamalizia kesho?"

"Upande upi? Nimemaliza!"

Mwenzangu akaanza kulia. Hapo nikapandwa na hasira ambazo sijui zilitoka wapi. Niliona wananidhihaki kwa sababu ni mgonjwa. Nikatupa brashi, nikamwambia yule dada maneno mabaya, kwamba ananionea wivu, kwamba ametaka nife ili ukuta uwe wake. Mtu aliyenidaka nisianguke! Nikachukua fimbo yangu, nikarudi nyumbani.

Asubuhi mke wangu hakwenda sokoni. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akasema, "Twende bustanini."

"Siendi. Wale ni wabaya."

"Wao hatuwafuati. Tunafuata ukuta."

Tukafika mapema, hapakuwa na watu. Akanisimamisha karibu kabisa na uso wa yule mama niliyemchora. Akaniuliza, "Unamwona?"

"Namwona."

"Mzima?"

"Mzima. Mzuri. Nini tena?"

Akasema, "Fumba macho."

Nikafumba. Akashika mkono wangu wa kulia, akaweka vidole vyangu ukutani. "Hapa ni nini?"

Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, inanata. "Ni jicho," nikasema. Najua mikunjo ya kazi yangu.

Akausogeza mkono. "Na hapa?"

"Pua."

Akausogeza tena. "Na hapa?"

Vidole vikakuta ukavu. Vichembe vya mchanga wa plasta.

"Na hapa?"

Ukavu.

"Na hapa?"

Ukavu, ukavu, mpaka mkono wangu ukawa umenyooka wote mbele ya kifua changu kwenda kushoto, na mwili umepinda kuufuata. Akasema, "Sasa fumbua macho, tazama mkono wako ulipo."

Nikafumbua. Nawaambia, nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini mshtuko ule sina cha kuufananisha nao. Mkono wangu ulikuwa juu ya ukuta mweupe mtupu. Nikaanza kurudi nao kidogo kidogo, macho yakiufuata. Mweupe, mweupe, kisha uso ukaanza katikati ya pua, kama umekatwa kwa panga. Jicho moja. Nusu ya mdomo. Mkono mmoja. Mkungu umepasuliwa katikati. Ndama alikuwa na mkia na miguu ya nyuma, kichwa hana. Mlima unapanda mpaka kileleni, halafu hakuna mlima. Na mimi jana nililia kwa uzuri wake.

Mke wangu akanishusha chini polepole, tukakaa kwenye nyasi. Nikamwambia, "Mama Neema, ni nini hiki?"

"Kushoto kote huoni. Hujui kama kupo. Nimekuambia mara ngapi, hukuniamini."

Nikakaa nikiwaza sahani, shavu, mlango, jirani. Kisha likanijia jambo moja. Nikaogopa kuuliza. Nikauliza. "Hospitali, mlikuwa mnakaa wapi?"

"Mimi nilikaa kulia kwako, nakulisha."

"Na kushoto?"

Akatazama chini, akaanza kukunja pindo la kitenge. "Kushoto alikaa mama yako. Tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekushika mkono."

Ngojeni kidogo. Nipeni maji.

Alikuwa pale. Wakati nasema mama kanisahau, alikuwa ameshika mkono wangu, ule usiosikia kitu. Mke wangu anasema alidhani namsusa makusudi, na mama aliinamisha kichwa tu, akamwashiria asinibishie, hakuuachia mkono. Mara nyingine nilisikia sauti yake, nikageuka kulia kumtafuta, naona mgonjwa wa kitanda cha pili, nikadhani nimeota. Na yeye anaona mwanawe, kila akisemeshwa, anampa kisogo.

Siku hiyohiyo nilipelekwa kwake. Alikuwa anaanika kahawa. Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Hakusogea. Akauliza, na mikono yake ingali ndani ya kahawa, "Leo umenisamehe?"

"Nikusamehe nini, mama?"

"Sijui. Nilijiuliza pale hospitali nimemkosea nini huyu mtoto hata hataki kunitazama. Nikatafuta, sikuona. Nikasema, basi, nitakaa hivyohivyo."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, mama yangu, akacheka huku anajifuta macho kwa mkono wa vumbi la kahawa. "Kumbe ni ugonjwa tu!" akasema. "Mimi nilidhani ni chuki."

Baada ya hapo mke wangu aliongea na daktari wetu, akaeleza yote, naye daktari akatupeleka kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Huyu alituambia ubongo wangu ndio umeuacha upande wa kushoto, macho hayana kosa, na ubongo unaweza kufundishwa tena. Alinifundisha kuweka kitu chekundu kushoto kabisa kwa kila ninachofanya. Utepe mwekundu pembeni ya sahani. Utepe kwenye mlango. Kanuni yake moja: usianze mpaka macho yameuona wekundu. Nilichoka, nililia, nilimtukana kimoyomoyo. Kila siku shingo kushoto, kushoto, kushoto.

Kwa mwenzangu nilikwenda na mke wangu, nikaomba radhi. Akasema, "Fundi, ukuta wako haujaguswa." Kamati ya bustani walitaka paoshwe, paanzwe upya. Yeye alikataa. Aliwaambia mwenye ukuta atarudi.

Nilirudi. Nikapiga mstari mwekundu mwisho wa ukuta, juu mpaka chini, nikaanza kuchora kutoka huko kuja katikati. Ilinichukua muda mrefu kuliko majengo yote mawili ya mwanzo. Ndama alipata kichwa. Mlima ukapata upande wake wa pili. Uso wa yule mama ulipokutana, haukulingana sawasawa; jicho moja liko juu kidogo ya lenzake, na mdomo una kama mshono katikati. Mwenzangu akaniuliza kama tuufiche. Nikasema hapana, uache. Ukipita pale utamwona. Watu wanapiga picha naye, na wengi hawajui kitu.

Nawashukuru madaktari na manesi, dada wa mazoezi, na mwenzangu aliyelinda ukuta mtupu. Namshukuru mke wangu, aliyeacha kubishana na mimi akanishika mkono. Mama, wewe nimeshakwambia nyumbani, na nitaendelea kukwambia.

Nesi yuko pale mlangoni na mashine ya presha. Msitoke bila kupimwa, hata mliokuja kusindikiza. Hasa ninyi.

Na nimalizie na dada uliyesimama asubuhi ukatuambia mumeo, tangu augue, anaongea na watu wote nyumbani isipokuwa wewe, na kwamba umeshafunga nguo zako urudi kwenu. Dada yangu, mimi si daktari, na huenda kwako ni jambo jingine. Lakini kabla hujaondoka, nakuomba, zunguka kitanda. Kaa upande wa pili. Mshike bega, mwite jina lake, mpe muda ageuke. Halafu utazame uso wake atakapokuona.