Namba Isiyokuwa Yangu

Simu ilinguruma chini ya mto usiku wa manane, grrr, grrr, nikaidaka kabla haijamwamsha mtoto, na sauti ya nesi wa simu, yule ambaye sijawahi kumwona uso lakini anajua hata kikopo changu cha chumvi kinakaa wapi, ikaniuliza kama kichwa kinaniuma, kama naona vizuri, kama niko peke yangu. Nikasema siumwi. Akasema pima. Nikapima, namba ikaja nzuri, akasema basi ile ya juu iliyoingia jana jioni si yako, mama, na mwenye nayo anaweza kuanguka saa yoyote, mtafute. Sikulala tena. Tangu nijifungue presha ikiwa juu, zahanati ilinipa mkanda wa kupimia, naufunga mkononi, namba inaingia kwenye simu yangu na kwake huko aliko, na kila asubuhi ananitumia maneno yangu mimi, si ya mtu mwingine: leo mtoto akilala tembea hadi kijiweni na kurudi, leo kikopo cha chumvi kipandishe juu ya kabati usikifikie bila stuli. Na hapo kijiweni ndipo nilipoharibu. Jana mtoto alilia, nikaenda kumnyonyesha nyuma ya kibanda, mkanda nikauacha kwenye benchi. Kioo chake kilishapasuka, hakionyeshi kitu, na simu ilikuwa mkobani kwangu. Wakaupokonyana, wakauvaa, wakacheka. Walikuwa watatu: Redio, fundi wa simu asiyezimika mdomo, Kisigino, fundi viatu, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye birika la kahawa.

Kulipokucha nilifika pale mbio, mtoto mgongoni.

— Nani kati yenu kichwa kinamuuma?

— Salamu kwanza, mama mtoto, alisema Redio. Umetoka kwenu hata uso hujanawa?

— Nesi kapiga simu usiku. Jana mmoja wenu alivaa ule mkanda, na presha yake iko juu vibaya. Anaweza kuanguka, jamani, sitanii.

Kisigino alikuwa na kiatu cha mtu katikati ya magoti.

— Mimi nilianguka siku niliyooa. Sijainuka mpaka leo.

— Ngoja, alisema Redio. Hizi mashine mimi ndiyo kazi yangu. Mkanda ulikaa karibu na birika, si ndiyo? Basi umepima kahawa. Kitu kinachemka, presha itakosaje kupanda?

— Kahawa ina mkono wa kufungwa mkanda? nikamuuliza.

— Mnahangaika bure, alisema Kisigino. Tulivaa watatu bila kuufuta. Umejumlisha! Hiyo ni presha ya kijiwe kizima. Igawe kwa tatu uone kama kuna mgonjwa hapa.

— Mwalimu wako wa hesabu alikuwa nani, tukampe pole? alisema Redio.

— Na wewe wa kuchemsha mkanda je?

— Haya, nimepata, alisema Redio, akasogea mbele mpaka benchi ikalia. Huyo nesi si mtu. Mtu gani anajua chumvi yako iko wapi? Ni sauti ya kutengenezwa. Inakutia hofu ili uisikilize. Leo acha chumvi, kesho acha kahawa, keshokutwa acha mume!

— Juzi kaniuliza kikohozi cha mtoto kimeishaje. Mashine inajuaje kikohozi?

— Si ndiyo inavyokunasa! Inaanzia kwa mtoto!

Wakacheka, na mimi nikashindwa kucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza mambo mawili kwa mpigo, kwamba mmoja wa hawa ataanguka mbele ya macho yangu, na kwamba zahanati ikisikia nimeacha mkanda ukachezewa itauchukua, na nikibaki bila yule nesi nani ataniambia asubuhi kwamba nimefanya vizuri, nani atajua mimi ndiye niliyeona weupe mtupu siku ya kujifungua nikadhani nimekufa. Nikamwangalia shemeji. Alikuwa anammiminia Redio, na kahawa ikajaa, ikapita ukingo, ikatiririka kwenye kiatu alichoshika Kisigino.

— We! Hiki kiatu cha watu! Hujaona kama kikombe kimejaa?

— Jua linanipiga machoni, alisema shemeji.

Jua lilikuwa bado nyuma ya mapaa.

Mwenye kiatu alikuwa amefika, mwanamke nisiyemjua, amesimama kwa mguu mmoja kakishikilia kibanda, anasubiri.

— Samahanini, alisema. Mkanda si huo mkononi kwa huyu mama? Kwa nini msivae tena, mmoja mmoja, mkajua?

Redio akaanza kutafuta kiparafujo ambacho hakikupotea. Kisigino akatia misumari mdomoni, yote, na mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu. Hata mimi niliyeubeba mkanda sikunyoosha mkono, niliogopa utanijibu.

— Kahawa imekwisha, alisema shemeji.

Akakusanya vikombe, akabeba birika, akaondoka. Nikamfuata. Nilikuwa nyuma yake hatua chache tu, na nilisikia kahawa ikichezacheza ndani ya birika, chubwi, chubwi, karibu nusu nzima.

— Shemeji.

Hakugeuka mpaka tulipopita ukuta wa mashine ya kusaga. Hapo akakaa juu ya jiwe, akapandisha mkono wa shati mwenyewe kabla sijamwambia.

— Nilijua ni mimi tangu ulipouliza, alisema. Naona vimulimuli, shemeji. Siku nyingi sasa. Funga.

Nikafunga. Namba ilipoingia sikuisoma kwa sauti. Sikuwahi hata kupiga, nesi akapiga yeye, nikampa simu, na yule mtu mzima anayewakaripia madereva barabarani akawa anajibu kama mtoto wa shule: ndiyo. Hapana. Kahawa? Sihesabu vikombe. Chumvi napenda. Nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, nikijinyoosha pumzi inakata. Sawa, dada. Sasa hivi? Sawa.

Akanirudishia simu.

— Anasema nikija kupona atanipa maneno yangu na mimi, ya kila asubuhi. Kasema tuanze na birika. Alijaribu kucheka. Nitakwenda huko zahanati. Lakini mdogo wangu asijue. Akijua mimi nimechoka, atawabeba watu wa nyumba yangu na wa yake, atavunjika. Niapie.

Mume wangu. Ambaye sijawahi kumficha hata homa. Mtoto akajipinda mgongoni, na shemeji akawa amefumba jicho moja ili anione.

— Simama, nishike bega, nikamwambia. Nesi anajua, na mimi. Mwingine simwambii.