Vidosava Stanojlović na Barafu Yake

Marehemu Vidosava Stanojlović alizaliwa Leskovac tarehe 3 Februari 1951, binti pekee wa fundi viatu. Alisomea uuguzi Niš na kuhitimu mwaka 1970.

Mwaka 1974 aliolewa na Tihomir, wakajaliwa binti, Ljiljana. Nyumbani aliiogopa baridi kama sisi sote. Ole wako ufungue dirisha na mlango kwa pamoja, upepo upite ndani; kwetu huo ndio uletao magonjwa! Aiskrimu ilikuwa ya Julai tu, kwenye joto kali.

Kazini, jamani, alikuwa mtu mwingine. Katika wodi ya wagonjwa wa saratani wanaopandikizwa seli shina, yeye ndiye aliyesimamia barafu. Mgonjwa aliimung'unya tangu kabla dripu ya dawa kali haijaanza hadi baada ya kwisha, ili mdomo usijae vidonda.

Mwaka 2006 alilazwa Trajko, mpiga tarumbeta. Mama yake, Stamena, alipokiona kikombe alikinyakua, akaimwaga barafu yote kwenye sinki.

"Mwanangu mgonjwa, nawe wamtia barafu kooni? Wataka nimonia immalize?"

"Mama Stamena, hata mimi kwangu maji baridi ni marufuku," Vidosava alimjibu. "Lakini dawa hii inasafiri na damu. Mdomo ukipoa, damu hupungua humo, na dawa haiuunguzi sana. Ukimpa chai ya moto leo, tarumbeta ataitazama tu ukutani."

"Na koo lake?"

"Mfunge shali."

"Mama, nifunge, dripu inaanza!" Trajko alilalamika.

Stamena akamfunga shali ya sufu mpaka masikioni. Vidosava akaleta barafu nyingine, akampa Trajko, akatia kipande kinywani mwake mwenyewe, na kingine akampa mama. Wakakaa watatu wakimung'unya, Stamena amenuna kweli kweli. Trajko aliondoka wodini bila kidonda hata kimoja mdomoni. Vidosava alijivunia hilo mpaka alipostaafu, na alikuwa na haki.

Mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tihomir, madirisha yote yamefungwa kama alivyoagiza.

Ameacha mume, binti, na wajukuu wawili, Kosara na Nemanja. Trajko naye yupo hapa kando ya kaburi na tarumbeta yake, na Mama Stamena amekwisha kumfunga shali.

Pumzika kwa amani, Vida wetu. Sasa tunyamaze, Trajko apige.