Mchango wa Kampuni Ulitoka kwa Mama Nerima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima kutoka wizara ya kawi, Mkurugenzi wetu Bwana Muturi, mainjinia, mapasta, na nyinyi wenzangu wa kiwanda cha mbao mliosimama juani kwa sababu viti vimeisha, hamjambo.

Naitwa Joash. Nyumbani ni Kimilili. Hapa Elburgon nimebeba magogo miaka kumi na moja. Nimeambiwa nishukuru kwa niaba ya wafanyakazi. Nitashukuru, lakini kila mtu kwa kipimo chake.

Leo tunafungua utafiti wa kupata joto kutokana na vumbi la mbao. Injinia Valarie alinisomea masharti ya fedha za serikali, maana shule niliiachia darasa la sita. Serikali inatoa sehemu nne za gharama. Kampuni inayoomba inaleta ya tano. Si lazima iwe pesa. Inaweza kuwa kitu, mradi kiwe chake. Ni sharti zuri: anayeomba naye aumie kidogo.

Je, Bwana Muturi aliumia wapi?

Alileta tanuri. Lile pale, lenye namba nyeupe. Tulilijenga sisi, Jumapili baada ya kanisa, kwa matofali ya kuokota, ili Mama Nerima na kina mama wenzake wakaushie mahindi kwa moto wa vumbi la mbao, maana kwa baridi hii ya Mau mahindi huota ukungu kabla hayajakauka. Siku ya kujaza fomu ya maombi akanijia karani wa kampuni na brashi.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Ya kina mama."

"Imesimama kwa ploti ya nani?"

"Ya kampuni."

"Basi umeshajibu."

Akapaka ile namba nyeupe. Kesho yake tukakuta ua umelizunguka, na kufuli.

Kwenye harambee zetu, asiye na pesa huleta kuku. Kuku hupigwa mnada, mnunuzi akamrudisha, akapigwa mnada tena, na watu wakacheka. Lakini mimi sijaona mtu akiingia kwa boma la jirani, akamkamata kuku wake, akamleta mbele, na akapigiwa makofi. Leo nimeona. Hata mimi nimepiga.

Sasa niwapongeze wataalamu. Wamekaa na tanuri wiki tatu, na wameutafiti moshi vizuri sana. Wanalimwagia vumbi kama wanaolisha ng'ombe. Mama Nerima husimamisha mti katikati, hushindilia vumbi kuuzunguka, kisha huuchomoa polepole ili tundu libaki na moto upate njia. Akiharakisha, linabomoka. Mikono hiyo haimo kwenye fomu. Nani aliiuliza?

Asubuhi Bwana Muturi ameniita kando: "Joash, boss, wageni wanataka kuona moto. Tusaidie." Miaka kumi na moja, leo ndiyo nimekuwa boss.

Bwana Mkurugenzi, mimi najua matofali tu. Anayejua moto yuko pale langoni, askari amemzuia, yeye na magunia manne ya mahindi yenye unyevu, chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Mheshimiwa, ufunguo uko mfuko wa kushoto wa Bwana Muturi. Anaupapasa tangu nianze kusema. Mahindi yakiingia leo, na kila wiki baada ya leo, mtaota moto. Yakibaki nje, endeleeni na moshi.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa nanyamaza, tusikilize kufuli.