Mzee Elijah Ndambiri, Aliyeomba Asisifiwe

Mzee Elijah Ndambiri alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 karibu na Karurumo, kwa wazazi wakulima. Alisoma hapa hapa, akaenda chuo cha ualimu, na akafundisha tangu 1971 hadi alipostaafu mwaka 2004.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Ciakuthii. Kila Krismasi alipita boma kwa boma akila asije akamkwaza mtu, kisha akarudi ameshika tumbo.

"Leo umekula kwa nani?"

"Kwa wote, mama watoto. Ningekataa wapi?"

Mnacheka kwa sababu mnamjua. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake, na hapo ndipo baba alipoumia.

Mwaka 2011 jirani yetu Kinya, mjane aliyeolewa huku kutoka Meru, alikosana na shemeji yake Nyamu juu ya mpaka wa shamba. Baba alikuwa amesaidia kupanda mimea ya mpaka huo kule mtoni pamoja na marehemu mume wa Kinya. Aliujua. Lakini wazee walipomwuliza, alijibu, "Hawa wote ni watoto wangu. Siwezi kusema nani amekosa."

Watu wakapiga makofi. "Huyu ndiye mzee wa amani!" Wakamfanya mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Nyamu akamfukuza Kinya shambani, yeye pamoja na watoto wake.

Februari mwaka huu, ugonjwa wa figo ulipomlemea, aliagiza Kinya aitwe kutoka soko la Gakoromone huko Meru, anakouza ndizi.

"Nilijua mpaka ulipo, mama," baba alimwambia. "Niliogopa mtu kunichukia."

"Mwalimu, hata mimi nimekuwa nikikusifu huko Meru. Nilidhani ulisahau tu."

Baba alilia. Aliomba msamaha. Kinya alisema bado anamwomba Mungu ampe moyo wa kusamehe, akaondoka.

Baba alifariki tarehe 14 Mei 2025 bila kupata jibu. Alisema sifa zetu zilimziba masikio, asisikie Bwana Yesu akiwaonya wanaosifiwa na watu wote. Kwa hivyo leo hakuna atakayesimama kumsifu. Mwombeeni tu.

Ameacha mjane, Ciakuthii; mwanawe Njiru, mimi binti yake Makandi, na wajukuu.

Tena ameniagiza niseme hili mbele yenu: shamba la Kinya lilifika hadi mtoni. Nyamu, baba ameshasema. Mungu amrehemu, na ampe pumziko.