Lukresia Mniko na Vikopo Kumi na Vinne vya Mugeta

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Lukresia Mniko anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa lishe hapa Musoma. Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara. Anaondoka akiwa mtu pekee tunayemjua anayeweza kumwomba mama mkwe wa mtu choo kikubwa, akapewa, na bado akakaribishwa chai.

Maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tumboni mwa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi ni marafiki. Hula makapi ya mtama, kunde na mboga za majani ambayo sisi hatuwezi kuyasaga, nao hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe mwilini. Ukitaka kuwajua, pima choo. Lukresia amevifuata vikopo vya choo hicho Buhemba kwa wachimbaji na kisiwani Rukuba kwa wavuvi. Siku moja alirudi kwa boti na boksi la barafu mapajani, abiria wenzake wakaamini kabisa kuwa amebeba sato, wakaanza kushindania bei. Aliwaacha washindane hadi walipofika Musoma, ndipo akawaambia.

Mwaka 2019 tulianza utafiti wa magoti. Tulitaka kujua kama wazee wenye maumivu, wakifanya mazoezi dakika kumi na tano kila siku kwa wiki sita, bakteria wao watabadilika, na kama mwili utaongeza dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu. Wataalamu huiita endokanabinoidi, kwa kuwa inafanana na kilichomo kwenye bangi. Lukresia alipoyaeleza hayo kule kijijini Mugeta, mmoja wa wazee hao, Mzee Leodgar, aliuliza kwa upole kama polisi wa Bunda wana habari. Alipohakikishiwa kwamba mazoezi ni kuketi kitini na kusimama tu, alikubali.

Baada ya wiki sita vikopo kumi na vinne vililetwa, kimoja kwa kila mzee, na majibu yakatoka mazuri ajabu, yote yakifanana. Mkurugenzi alifurahi, akawatumia wafadhili taarifa ya awali. Lukresia peke yake hakufurahi. Alisema hata mapacha hawana matumbo yanayofanana hivyo, akapanda pikipiki kwenda Mugeta kuuliza.

Hawakumficha. Pale kijijini kuna mama mmoja, Marieta, ambaye tumbo lake halijawahi kumsumbua tangu azaliwe. Basi wote walikwenda kumwomba yeye, naye kwa moyo mweupe akavijaza vikopo vyote. “Mgeni tunampaga kizuri, dada,” Marieta alimwambia. “Sasa tungekupa vya wagonjwa?”

Aliponisimulia nilicheka sana, lakini si Lukresia. Usimamizi wa sampuli ulikuwa wake, kwa hiyo kosa lingekuwa lake. Na barua ya kumpandisha cheo kuwa msimamizi wa maabara ilikuwa mezani kwa mkurugenzi, ikisubiri saini. Alikuwa amekisubiri cheo hicho miaka tisa. Mimi niliyeandika haya nilimshauri anyamaze, maana aliyelijua jambo lile ni mimi na yeye tu.

“Nikinyamaza, wale wazee nitawaambia nini kuhusu magoti yao?” aliniuliza, akaingia kwa mkurugenzi.

Taarifa iliondolewa na barua haikusainiwa. Lukresia alianza upya, nyumba kwa nyumba, akiketi na kusimama pamoja na wazee, na kuwasihi waendelee kula kama walivyozoea, wasimchinjie kuku. Safari hii kila mtu alileta cha kwake. Majibu yalikuwa madogo lakini ya kweli: kwa wengi wao, bakteria wanaokula makapi waliongezeka, endokanabinoidi katika damu zikapanda kidogo, na maumivu yakapungua. Goti la Mzee Leodgar halikubadilika hata kidogo, na Lukresia aliandika hivyo hivyo. Leo wanawake wa Mugeta bado hukutana kila Jumamosi baada ya shamba, kila mmoja na kiti chake, kufanya mazoezi yale, bila kuhimizwa na mtu.

Cheo kile nilipewa mimi. Lukresia alinifundisha kazi ambayo ilikuwa haki yake, na kwa miaka yote hii ameniita bosi mbele ya watu bila kejeli hata mara moja. Sikuwahi kumwambia kwamba naona haya kila anaponiita hivyo, na kwamba tangu siku ile sijasaini jibu lolote kabla ya kujiuliza wagonjwa nitawaambia nini.

Dada Lukresia, kituo kizima kinakushukuru. Mimi nakushukuru na kukuomba radhi. Nenda ukapumzike nyumbani Butiama, ule mtama wako, na Mungu akujalie siku nyingi zenye afya na furaha.

Yunusu Abubakary
Msimamizi wa Maabara