Kapteni Elifuraha na Turubai Lililofungwa Mara Mbili

Kapteni mstaafu Elifuraha Anaeli Nnko alizaliwa Nkoaranga, Meru, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili wa mzee Anaeli na mama Ruth. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari mjini Arusha, ambako aliifungua redio ya mwalimu wa zamu ili aone anayesema amekaa wapi. Viboko alivipata, lakini redio aliirudisha ikinguruma kuliko mwanzo.

Mwaka 1977 alijiunga na jeshi, akapangiwa mawasiliano. Alianza na simu za upepo. Nchi ilipofungua milango na mitambo mipya ikaingia, akawa miongoni mwa waliofundishwa kuunganisha kambi kwa intaneti ya setilaiti. Alipenda kueleza kwamba dishi likikosea shabaha kidogo tu, amri haifiki na kambi nzima inakuwa bubu.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Naserian, usharika wa Kimandolu. Walijaliwa binti mmoja, Anande.

Mwaka 2002 alikuwa mlinda amani Afrika Magharibi. Redio ikatangaza kwamba msafara wa walinda amani umeshambuliwa, na simu yake ya kila Jumapili haikuja. Kaka yake Philemoni, ambaye machozi yake hayako mbali, akaamuru turubai lifungwe. Majirani wakaja na mchele na sukari. Naserian peke yake alikataa khanga ya msiba. Alikaa jikoni akikoroga loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, roho juu, akisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyethibitisha kwamba amekufa.

Watu wakiwa bado wamekaa, Anande akarudi mbio kutoka intaneti kafe ya Levolosi. Baba yake ameandika: "Mama Anande, mimi mzima. Tufani iliangusha dishi, tumelisimamisha."

Kumbe dishi lilikuwa limesimama tangu juzi yake. Alipitisha kwanza amri za kambi, kisha habari za majeruhi, kisha salamu za askari wote, yeye akajiweka mwisho.

"Anayewachotea watu maji hunywa wa mwisho," alijitetea aliporudi. Naserian akamjibu kwamba maji hayo nusura yamzike akiwa hai. Lakini siku ile chini ya turubai, mwinjilisti aliigeuza ibada ikawa ya shukrani, na chakula cha msiba hakijawahi kuliwa kwa furaha namna ile.

Alistaafu mwaka 2004. Mwaka uliofuata akapatikana na saratani ya ini. Maumivu yalikuwa makali, na familia haioni haya kusema kwamba ilishukuru yalipokoma. Alipoona nguvu zinamwisha, alimwita Philemoni. "Shikamoo, kaka. Safari hii usifunge turubai mpaka mama Anande aseme."

Alifariki nyumbani Kimandolu, asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Juni 2006, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Philemoni alisimama uani na kamba za turubai, asithubutu kuuliza. Naserian akatoka, amejifunga ile khanga aliyoikataa.

"Fungeni, shemeji," alisema. "Safari hii nilikuwepo."

Marehemu ameacha mjane, binti, kaka, na askari wengi aliowafundisha. Maisha yake yote aliwapisha wengine. Leo ametangulia yeye. Bwana ampumzishe.