Mzee Ngumbao Kalama, Mkalimani Asiyetoa Pole

Wachungaji, wazee wetu mliotoka Jaribuni, majirani wa Buxton na marafiki wa Mji wa Kale, mimi ni Beryl, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee habari za Baba kabla hatujaanza safari ya kwenda kumzika nyumbani.

Baba yetu, Ngumbao Kalama, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1953 huko Jaribuni, Kilifi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Kalama na Mama Kadzo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka wa 1961, kisha akaletwa Mombasa kwa mjomba wake, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1972. Aliajiriwa mahakamani hapa kisiwani Februari 1974, kwanza kama karani, na kuanzia 1979 kama mkalimani wa Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 2008, ukiacha miaka miwili nitakayoieleza. Alimwoa Mama, Dama Kaingu, tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Tsofa, na Mama akatutangulia mwaka wa 2011.

Mliomjua mnazijua tabia zake. Alifunga kifungo cha juu cha shati hata kwa joto la Februari, na kila Jumamosi alitoka Buxton kwa miguu hadi Mji wa Kale kunywa kahawa chungu na rafiki yake Muhdhar, mtengeneza saa. Ukimuuliza jambo, hata kama ni chumvi imekolea au la, alikiweka kidole cha shahada kwenye mdomo wa chini, akainama kidogo, akafikiri, ndipo akajibu. Bi Mwanatumu, mkewe Muhdhar, hakuchoka kumtania, “Bwana huyu ukimkaribisha chai, hungoja hakimu amalize kuandika kwanda.” Baba alicheka, kidole kikiwa pale pale.

Tabia yake ya pili haikumchekesha mtu. Baba hakuwa akitoa pole. Matangani, hospitalini, hata mtoto akijikwaa mbele yake, neno hilo halikumtoka, alikushika tu kifundo cha mkono na kukaa nawe, na watu wakasema Kiingereza cha mahakamani kimempa kiburi. Mimi nilisema zaidi yao. Mume wangu alipofariki, tarehe 4 Mei 2019, Baba alikuja kwangu Kisauni, akanishika mkono, akaketi kando yangu siku tatu bila kulitamka neno ambalo hata mchuuzi wa maji aliyepita mlangoni alinipa, nami kwa uchungu nikamwambia mbele ya waombolezaji kwamba ana moyo wa jiwe, nikakata mguu nyumbani kwake miaka miwili. Baadaye nilirudi, nikampikia, nikamfulia, lakini jambo lile hatukuligusa, nikijiambia ipo siku.

Siku hiyo haikufika. Tarehe 2 Juni 2025 alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia, ulimi ukafungika, na baada ya miezi mitatu ya kulazwa na kurudishwa nyumbani, akatutoka Jumanne tarehe 9 Septemba.

Juzi matangani alikuja mzee tusiyemjua, akaomba kusema. Jina lake Tsuma, zamani alikuwa hamali wa mkokoteni pale Makadara, na mwaka wa 1989 alishtakiwa kwamba alimgonga mtu makusudi akamvunja mguu, naye akajitetea kwa Kiswahili kwamba alimkuta keshaanguka, akamwinua, akampa pole. Kiingereza, kama mnavyojua, huweza kutumia neno moja kwa pole na kwa nisamehe, na Baba, kwa haraka ya kesi nyingi, akalitoa neno hilo bila kulifafanua, hakimu akaandika kwamba mshtakiwa alikwisha kuomba radhi, kwa hiyo amekiri, akamfunga miezi minane. Baba alitambua kosa lake hukumu ilipokuwa ikisomwa. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua ila yeye, lakini kesho yake alimwandikia hakimu kwamba aliyekosa ni mkalimani, kesi ikaangaliwa upya, Tsuma akaachiliwa baada ya miezi mitatu, na Baba akaondolewa kwenye ukalimani, akawekwa kwenye majalada miaka miwili. Siku ya kutoka, Tsuma alimkuta amesimama langoni, kidole mdomoni, akitafuta la kusema, na mwishowe akamshika mkono tu, wakatembea hadi Makadara.

Haya yote Baba hakutueleza sisi watoto wake. Nimekaa nayo siku mbili, na naona haya.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliomgeuza kitandani tulipokuwa kazini, wenzake wa mahakamani waliofika bila kuitwa, na nyumba ya Bwana Muhdhar, ambayo imetuletea chakula tangu siku ya msiba.

Kwangu mimi limebaki moja, na ninalisema hapa kwa sababu nilimtukana Baba mbele ya watu. Baba, nilikosa mimi, nisamehe. Nenda salama, ukapumzike kwa amani.